Mchunguzi na Mwalimu: Je, Mwenye Kuchunguza Sana Hufundisha Vema?

Vyuo Vikuu humtaka profesa afanye kazi mbili. Ya kwanza ni kutafuta elimu mpya. Ya pili ni kuwapa wanafunzi elimu iliyokwisha patikana. Kazi hizi zimekaa pamoja katika mtu mmoja kwa muda mrefu, hata wengi hudhani kuwa ni kazi moja yenye majina mawili. Wapo wasemao kuwa mchunguzi mkubwa hana budi kuwa mwalimu mzuri, kwa kuwa huwanywesha wanafunzi maji ya chemchemi wala si ya mtungi. Wapo pia wasemao kinyume chake, ya kuwa profesa aliyezama katika uchunguzi wake huwaona wanafunzi kama wageni waliobisha hodi wakati mbaya. Katika makala haya twataka kuzipima kauli hizo mbili, kisha tutazame zinatuhusu vipi sisi tushughulikao na lugha ya Kiswahili.

Jambo hili si la mjadala wa vyumbani tu. Wengi wa wanafunzi wanaosoma Kiswahili katika vyuo vyetu huenda kuwa walimu wa shule. Kosa la mhadhara mmoja mbaya haliishii katika chumba kile. Husafiri na mwanafunzi hata darasani kwake, likawafikia watoto ambao hawatamwona profesa huyo maisha yao yote.

ASILI YA SHAURI HILI

Desturi ya kumtaka mwalimu wa Chuo Kikuu awe pia mchunguzi si ya kale kama vyuo vyenyewe. Kwa karne nyingi vyuo vya Ulaya vilikuwa hasa mahali pa kusomeshea na kufafanulia vitabu vilivyokubaliwa. Fikira nyingine ilipata nguvu huko Berlin, ambako Chuo Kikuu kipya kilifunguliwa mwaka 1810 kwa shauri la Wilhelm von Humboldt, mtu ambaye mwenyewe alikuwa mwanachuoni wa lugha. Kwa maoni yake, elimu ni kitu kisichokwisha kutafutwa. Kwa hiyo mwalimu na mwanafunzi wote wawili wamo safarini, na tofauti yao ni kwamba mmoja ametangulia. Fikira hiyo ilivuka bahari, na mwaka 1876 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilifunguliwa Baltimore, Marekani, kikiuweka uchunguzi mbele ya kazi zake.

Lakini hata wakati huo hawakukosekana wapinzani. John Henry Newman, katika maandishi yaliyotokana na mihadhara yake ya Dublin ya mwaka 1852, alishika kuwa Chuo Kikuu ni mahali pa kufundishia. Kama kazi yake ingekuwa uvumbuzi, hakuona kwa nini kiwe na wanafunzi. Alisema pia kuwa kuvumbua na kufundisha ni vipaji viwili mbalimbali, na si kawaida kuvikuta vyote katika mtu mmoja.

Tukiwatazama vema wakuu hawa, twaona kuwa hawakuwa wakimfikiria mwanafunzi wa namna moja. Humboldt alikuwa na mawazo juu ya kijana aliyekwisha pikwa na shule ya sekondari ya Kijerumani, naye yu tayari kusimama peke yake. Newman alimfikiria kijana ambaye akili yake bado inafinyangwa. Ni vizuri kuikumbuka tofauti hiyo, maana tutaiona tena mbele.

MIFANO YA WATU

Wenye kushindana juu ya jambo hili hupenda kutaja watu mashuhuri. Atakaye kuonyesha kuwa wachunguzi hawajui kufundisha humtaja Isaac Newton. Alipewa uprofesa wa hisabati Cambridge mwaka 1669, naye katika maisha yake alifumbua mambo ambayo hayakuwa yamefumbuliwa na mtu kabla yake. Hata hivyo karani wake amesimulia kuwa waliokwenda kumsikiliza walikuwa wachache, na waliomwelewa wachache zaidi, hata mara nyingine alizisomea kuta. Atakaye kuonyesha kinyume humtaja Michael Faraday wa London, ambaye mwaka 1831 alivumbua jinsi sumaku inavyoweza kuzaa umeme. Yeye huyo alitoa mihadhara ya Krismasi kwa vijana mara 19 kati ya miaka 1827 na 1860, na ile aliyoitoa juu ya mshumaa mmoja tu inasomwa hata leo.

Mifano hii yafurahisha, lakini haikati shauri, kwa kuwa kila upande unao wake. Faida yake iko mahali pengine. Mwaka 1813, naye ana miaka 21 tu, Faraday alimwandikia rafiki yake barua kadhaa juu ya namna mhadhiri apaswavyo kusema, kusimama, kupanga vyombo vyake na kushika masikio ya watu. Alikuwa akienda kuwasikiliza wengine, akiandika alichokiona chema na kibaya. Baadaye alikwenda kwa mwalimu wa usemaji akafunzwa. Yaani ufundishaji wake haukumwagika wenyewe kutoka katika uvumbuzi wake. Aliutafuta kama fundi atafutavyo ufundi, miaka mingi kabla ya uvumbuzi wake mkubwa.

Mfano wa tatu ni wa Richard Feynman, aliyewafundisha fizikia wanafunzi wa miaka ya kwanza huko California kati ya 1961 na 1963. Mihadhara yake ilifanywa vitabu vinavyosifiwa ulimwenguni kote. Lakini katika dibaji yake mwenyewe alikiri kuwa hakuridhika, na kwamba aliona shaka kama wanafunzi walio wengi walinufaika vya kutosha. Basi hata mtu aliyekusanya vipaji vyote viwili hakudhani kuwa kusema vema ni sawa na kufundishika kwa wasikilizaji.

VIPIMO VYASEMAJE?

Kwa kuwa mifano ya watu haitoshi, wachunguzi wa elimu wamejaribu kupima. Mwaka 1996 John Hattie na Herbert Marsh walikusanya pamoja matokeo ya uchunguzi 58 juu ya jambo hili, wakatafuta kiasi cha uhusiano baina ya wingi na ubora wa uchunguzi wa mwalimu kwa upande mmoja, na wema wa kufundisha kwake kwa upande wa pili. Katika hesabu ya namna hiyo, 1 ni uhusiano uliotimia na 0 ni kutokuwapo uhusiano wowote. Wao walipata 0.06. Maana yake ni kwamba ukijua profesa fulani ameandika kiasi gani, hujajua karibu chochote juu ya ufundishaji wake.

Kipimo hicho chapasa kusomwa kwa uangalifu. Hakisemi kuwa wachunguzi hufundisha vibaya. Chasema kuwa miongoni mwao wamo wazuri na wabaya karibu kwa kadiri ile ile iliyomo miongoni mwa wasiochunguza sana. Kwa hiyo kauli zote mbili tulizozitaja mwanzoni zaanguka pamoja: ile ya kuwasifu na ile ya kuwalaumu.

Kazi nyingine ilitolewa mwaka 2015 na David Figlio, Morton Schapiro na Kevin Soter, juu ya wanafunzi walioingia Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kati ya 2001 na 2008. Hawakuwauliza wanafunzi kama walimpenda mwalimu. Walitazama kilichotokea baadaye. Waliona kuwa mwanafunzi aliyeanza somo kwa mwalimu aliyeajiriwa hasa kwa kufundisha, alielekea zaidi kuliendelea somo lile na kufanya vema ndani yake, kuliko aliyeanza kwa profesa aliyemo katika daraja za uchunguzi. Nafuu hiyo ilionekana zaidi kwa wanafunzi wa kadiri na kwa walioingia chuoni na matayarisho hafifu. Mwaka 2017 wawili kati yao walitoa kazi ya pili juu ya maprofesa wenyewe, nao hawakuona uhusiano baina ya ukubwa wa uchunguzi na ubora wa mafundisho.

Hapana budi kuangalia mipaka ya habari hizi. Chuo kile ni kimoja, tena ni tajiri, na walimu wake wa kufundisha tu wengi wao walikuwa watu wa kazi ya kudumu, si vibarua wa muhula mmoja. Mtu asitwae matokeo yale akasema kuwa kila mwalimu asiyechunguza ni bora. Kinachoonekana ni kwamba mwanafunzi anayeanza anazo haja zake, na kuwa haja hizo hazitimizwi na sifa ya profesa.

KWA NINI VIWILI HIVI HAVIFUATANI?

Sababu ya kwanza ni saa. Siku ya profesa ni moja, na saa aliyoitumia katika maandishi hakuitumia katika kusahihisha insha. Sababu ya pili ni tabia zitakiwazo: mchunguzi hupenda pasipojulikana, naye hustahimili upweke, mwalimu hana budi kurudi pale pajulikanapo, mwaka baada ya mwaka, bila ya kuchoka. Lakini iko sababu ya tatu ambayo naiona kubwa kuliko hizo, nayo ni kwamba ujuzi uliozoeleka humfichia mwenyewe njia aliyoupatia.

Tutwae mfano katika lugha yetu. Mgeni anayejifunza Kiswahili hufundishwa kuwa -me- huonyesha tendo lililotimia, na -na- tendo linaloendelea. Kisha amwona mtoto yu usingizini, akasema, “Mtoto analala.” Watu wa nyumbani humsahihisha: “Mtoto amelala.” Mgeni hustaajabu, maana aona kuwa usingizi ungali unaendelea. Mswahili wa kawaida hujua lililo sawa, wala hawezi kueleza kwa nini. Atasema tu kuwa ndivyo isemwavyo. Mchunguzi wa lugha aweza kueleza: viko vitenzi ambavyo maana yake ni kuingia katika hali fulani, kama lala, simama, kaa, vaa, kasirika, choka, na -me- katika vitenzi hivyo husema kuwa mtu amekwisha ingia katika hali hiyo naye angali ndani yake. Ndiyo maana “amesimama” ni aliye wima sasa, na “amevaa kanzu” ni aliye nayo mwilini, lakini “amesoma barua” hatuelewi kuwa angali anaisoma.

Hapa twaona watu wawili: msemaji ajuaye bila ya kueleza, na mchunguzi awezaye kueleza. Lakini mwalimu ni mtu wa tatu. Yeye hujua kuwa mgeni atakosea wapi kabla hajakosea. Hujua kuwa yafaa kuanza na “amekaa” na “amesimama”, ambavyo vyaweza kuonyeshwa chumbani kwa macho, kabla ya “amekasirika”. Na hujua kuwa jina la kitaalamu la hali ile likitangulizwa, mwanafunzi atashika jina na kuacha jambo. Mwaka 1986 mwanachuoni wa Marekani, Lee Shulman, alionyesha kuwa ujuzi wa namna hii ni elimu kamili inayojitegemea: si kulijua somo peke yake, wala si kujua mbinu za kufundisha peke yake, bali kulijua somo kwa upande wa yule asiyelijua. Uchunguzi hauitoi elimu hiyo bure. Hupatikana kwa kufundisha, kwa kusikiliza makosa, na kwa kuyatafakari.

UCHUNGUZI UNAPOSAIDIA

Pamoja na hayo, itakuwa ni dhuluma kusema kuwa uchunguzi hauna kazi darasani. Kuna maswali ambayo hayajibiwi na kitabu cha shule. Mwanafunzi aliyezoea ngeli za A-WA, LI-YA na KI-VI hufika Chuo Kikuu akakuta majina yamepangwa kwa tarakimu. Aona ngeli ya 11, kisha orodha yaruka hadi 14 au 15, naye auliza ziko wapi ya 12 na ya 13. Mwalimu aliyeitoa orodha katika kitabu atajibu kuwa ndivyo ilivyopangwa. Mchunguzi atamweleza kuwa tarakimu hizo hazikutungwa kwa ajili ya Kiswahili peke yake; zilianzwa na Wilhelm Bleek katika karne ya 19 na kuendelezwa na Carl Meinhof ili lugha za Kibantu zilinganishwe. Nafasi ya 12 na ya 13 ni za viambishi ka- na tu-, ambavyo Kikuyu, kwa mfano, hutumia hata leo kwa vitu vidogo, ilhali katika Kiswahili sanifu kazi hiyo imetwaliwa na ki- na vi-. Na ngeli ya 14 imeungana na ya 11, kwa kuwa viambishi vyake vyote viwili vimekuwa u-.

Jibu hilo hufanya zaidi ya kumaliza swali. Humwonyesha mwanafunzi kuwa sarufi imetungwa na watu kwa sababu zao, na kwamba yeye naye aweza kuihoji. Hiki ndicho alichokitaka Humboldt, na ni mchunguzi awezaye kukitoa kwa urahisi. Kwa mwanafunzi wa shahada za juu, ambaye kazi yake ni kujifunza kuchunguza, mwalimu asiyechunguza ni kama nahodha ambaye hajapata kutoka bandarini.

Tena mafundisho nayo huzaa uchunguzi. Mwaka 1887 palifunguliwa Berlin chuo cha lugha za mashariki chini ya Chuo Kikuu cha mji huo, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizofundishwa. Mwaka 1900 alifika huko Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, akawa mwalimu wa lugha pamoja na Carl Velten. Kutokana na maandishi ya Mtoro na ya Waswahili wengine, Velten alitoa mwaka 1903 kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho hata leo hakuna mchunguzi wa mila za pwani awezaye kukipita. Haja ya kuwapa wanafunzi maneno ya kusoma ilisaidia kuhifadhi elimu ambayo pengine ingepotea. Tena twajifunza jambo jingine hapo: cheo cha uchunguzi kilikuwa cha Velten na jina lake ndilo lililokaa mbele, ilhali sehemu kubwa ya ujuzi ilikuwa ya yule aliyeitwa mwalimu msaidizi.

HALI YETU

Upwani kwetu, wanavyuoni wa zamani hawakuitenga elimu na darsa. Shekhe alijulikana kwa wale aliowasomesha kama alivyojulikana kwa alichokiandika. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, aliandika historia na tarjuma ya Kurani iliyotoka kamili mwaka 1969. Naye alikuwa mwalimu wa shule kwa miaka mingi na mwenye darsa misikitini. Lugha nyepesi ya maandishi yake yaonyesha mtu aliyezoea kuulizwa na wasiojua.

Vyuo vyetu vya kisasa vilifuata mpango mwingine. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki ilikuwa ya kusanifisha lugha, si ya kufundisha wanafunzi. Mwaka 1964 kazi yake iliingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawa Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili. Idara ya Kiswahili ya kufundishia ilianzishwa mwaka 1970. Hivyo kwa karibu miaka 40 uchunguzi na mafundisho vilikuwa nyumba mbili katika ua mmoja, mpaka mwaka 2009 zilipounganishwa kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili.

Mpango ule wa nyumba mbili ulikuwa na faida zake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ni kazi ya miaka mingi, isiyoweza kufanywa na watu wanaokimbia kutoka mhadhara hadi mhadhara. Lakini kuunganishwa kumeleta swali lile la Newman mlangoni petu: ikiwa mtu mmoja atatakiwa kutunga kamusi, kuandika makala na kusomesha mamia ya wanafunzi, atapimwa kwa kipi?

Katika vyuo vikuu vilivyo vingi duniani, na vyetu vimo, kupanda cheo hutegemea zaidi maandishi yaliyochapishwa. Uingereza ilianza mwaka 1986 kuvipima vyuo vyake kwa uchunguzi, na fedha zikafuata vipimo hivyo. Kupima mafundisho kwa mpango wa taifa kulikuja baadaye. Watu hufanya wapimwalo. Mhadhiri kijana aonaye kuwa mhadhara mzuri haumpandishi, wala mbaya haumshushi, hatakosa kujua asaa zake azitumie wapi. Tusimlaumu yeye kabla ya kuulaumu mpango.

Mwaka 1990 Ernest Boyer wa Marekani alitoa shauri lifaalo kufikiriwa. Alisema kuwa kazi ya uanachuoni ina sehemu nne: kuvumbua, kuunganisha elimu za namna mbalimbali, kuitumia elimu katika mahitaji ya watu, na kufundisha, na zote nne zastahili heshima. Kwa Kiswahili shauri hilo lina maana ya wazi. Atungaye kitabu cha sarufi kinachoeleweka na mwalimu wa kijijini amefanya kazi ya kitaalamu. Atafutaye istilahi na kuzijaribu mbele ya wanafunzi mpaka akajua zipi hushikika na zipi hukataliwa, amechunguza. Kazi hizo zihesabiwe pamoja na makala ya majarida.

Kadhalika mafundisho yaweza kupimwa bila ya kutegemea mapenzi ya wanafunzi peke yake: wenzake wakae darasani wamsikilize, mitaala na maswali yake yasomwe, na kazi za wanafunzi wake zitazamwe miaka miwili baadaye. Waanzao wapewe walimu waliothibitika kuwa wanajua kuanzisha, wawe wachunguzi wakubwa au wadogo. Na profesa mkubwa asiondolewe kabisa mbele yao. Apewe mihadhara michache ya kuwaonyesha swali moja la kweli na jinsi lilivyomsumbua. Mhadhiri mpya naye afunzwe kufundisha kabla ya kukabidhiwa darasa, maana hatumkabidhi mtu jahazi kwa sababu ajua kuchonga mbao.

Basi jibu la swali letu ni kwamba uchunguzi haumfanyi profesa mwalimu mzuri, wala haumzuii kuwa mwalimu mzuri. Humpa kitu cha kufundisha na ujasiri wa kusema “bado hatujui”. Yaliyosalia hana budi kujifunza mahali pengine. Chuo kisichotofautisha mambo hayo mawili kitaendelea kuwatunuku watu kwa kazi moja na kuwakabidhi nyingine, na gharama yake italipwa na yule mtoto wa shule ambaye mwalimu wake hakupata kuelezwa kwa nini aliyelala twasema amelala.